Riwaya inachekesha, ila jogoo ni wa mama mkwe

Anti, shikamoo.

Nina miaka 39, nina mume na watoto wawili, naishi Sinza. Jambo langu ukilisikia juu juu utaona la kitoto, maana linahusu kitabu cha kuchekesha. Naomba unisome mpaka mwisho.

Tuna kikundi cha kusoma, wanawake tisa. Tulianza kama kikoba, hela zikatugombanisha, tukabaki na chai na vitabu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, na kila mwezi mmoja anapendekeza kitabu ambacho wote tutanunua na kusoma. Mwaka huu tumesoma vitabu vizito mfululizo: mauaji, ukoloni, mume mlevi, mume mlevi mwingine. Mara ya mwisho mwenzetu mmoja akasema yeye akitaka kulia anazo ada za shule, hahitaji riwaya. Tukakubaliana kinachofuata kiwe kitabu kipya, cha maisha ya siku hizi, cha kuchekesha, chenye urafiki na familia na mapenzi. Zamu inayofuata ni yangu.

Wote walinigeukia, maana wanajua. Rafiki yangu, nimwite T., ametoa riwaya ya namna hiyohiyo miezi miwili iliyopita. Tunajuana tangu kidato cha kwanza Tabora, wote wawili Wanyamwezi, tumelala kitanda kimoja na kugawana sabuni. Amechapa nakala 300 kwa hela ya mkopo na anaziuza mwenyewe, shilingi 15,000 kila moja, begi mgongoni, ofisi kwa ofisi kuanzia Posta mpaka Mwenge. Kikundi chetu kikikichukua ni nakala nane kwa mkupuo, na wenzangu wakikipenda watakipeleka makazini kwao. Ameshaniuliza mara mbili kama tayari nimekitaja.

Na kitabu ni kizuri, Anti. Kingekuwa kibovu nisingekuandikia. Kibovu kina dawa yake, unasema hongera unabadilisha mazungumzo. Kinahusu wanawake watatu wenye saluni Kijitonyama. Mmoja ana friji la soda, na fundi anayelitengeneza amempenda, kwa hiyo kila akija anatengeneza kitu kimoja na kuharibu kingine ili wiki ijayo aitwe tena. Nilicheka usiku mpaka mume wangu akaamka kuniuliza kama nina homa.

Halafu anaingia bibi.

Mwaka 2016, mwendokasi ulipoanza, mama mkwe wangu alipanda Kimara akiwa na jogoo mzima ndani ya mkoba, anampelekea mdogo wake Magomeni. Kufika Manzese jogoo akawika. Basi zima likageuka. Mama akatoa simu, akaiweka sikioni: “Haloo! Nipo Manzese, nakuja.” Jogoo akawika tena. “Nimekusikia, usinipigie makelele!” Kisa hiki kwetu kinasimuliwa kila Idi. Kwenye kitabu kimo chote, kituo kwa kituo.

Hilo ningelivumilia. Kuna la pili.

Miaka mitatu iliyopita nilimpeleka Mama hospitali. Mapokezi tukapewa fomu, akanisogezea mimi kama kawaida yake: “Macho yangu, mwanangu.” Nilipomaliza kuijaza akanishika mkono, akaniambia taratibu kwamba macho yake hayana shida. Herufi hizi hazijui. Msahafu anausoma, tena vizuri, lakini hizi za shule hakuwahi kufundishwa, na watoto wake wote watano wanaamini ni macho. Miwani anayovaa aliinunua kwa machinga Kariakoo, vioo vitupu. Akaniomba liishie kwangu.

Wiki ileile nilimwambia T., tukiwa kwenye foleni Ubungo. Wallahi sikuwa namcheka Mama. Kifua kilikuwa kimenibana, nilihitaji mtu.

Sasa kwenye riwaya, bibi analetewa bili ya maji. Anavaa miwani, anakohoa, anaisomea familia: “Tunayo furaha kubwa kuwaalika...” Ukoo mzima unashona sare, unakodi daladala na kutua kwenye ofisi ya maji na vigelegele. Nilicheka mpaka nikamwaga chai kitandani. Nilikuwa nimeshafunua ukurasa wa pili yake ndipo nikakumbuka.

Bado ukurasa wa shukrani. T. ameandika: “Kwa Mpagazi wangu wa Sinza, bila mdomo wako kalamu yangu ingekauka.” Jina hilo nilipewa na Mama mwenyewe. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, na siku ya kwanza naingia kwake aliita majirani: “Njooni mwone, mwanangu kaniletea mpagazi!” Tangu hapo upande wa mume wote wananiita hivyo. Na wifi yangu, kitinda mimba wa Mama, yumo kwenye kikundi. Ni mwalimu wa Kiswahili.

T. aliwahi kuniletea mswada kabla hajachapa, nikamwambia uko vizuri, aendelee. Ukweli sikuwa nimeusoma, ulikuwa msimu wa hesabu kazini.

Nikikipendekeza, nimempelekea wifi yangu siri ya mama yake mkononi, na jina langu limo ndani. Nikikiruka, T. atajua, na wenzangu wataniuliza kwa nini. Nimeshafikiria kuugua siku hiyo. Nifanyeje?

Mpagazi, Sinza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili sikucheka. Nadhani wewe na kitabu kile mlifanya vivyo hivyo.

Niseme nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Umeombwa riwaya mpya ya kuchekesha, unayo, na hujui nyingine iliyokuchekesha kama hiyo. Aliyeiandika ni rafiki wa kugawana sabuni, na hela aliyoiweka humo ni ya mkopo. Ndani mna visa viwili vya mama mkwe wako. Vyote vilipita mdomoni mwako, na rafiki yako, kwa mapenzi kabisa, ameandika hivyo kwenye ukurasa wa shukrani. Unaogopa kitabu kitafika kwa wifi, kutoka kwa wifi kifike kwa Mama.

Umewatia jogoo na miwani kapu moja. Mimi ningewatenganisha.

Jogoo, umesema, husimuliwa kila Idi. Hukusema nani anasimulia. Nilivyowaona akina mama wa pwani, kisa kama hicho mwenyewe ndiye hukisimulia, tena kila mwaka anaongeza kituo. Kama Mama ndiye msimuliaji, jogoo huyo alishatoka nyumbani kwenu zamani. Inawezekana hata kitakachomuudhi si kuandikwa, ni kwamba T. amemnyima maneno mazuri zaidi aliyokuwa ameyaongeza Idi iliyopita. Lakini kama watoto ndio hukisimulia na yeye hukaa kimya akichambua mchele, hilo ni jambo jingine, na wewe ndiye uliyekuwapo kumwona uso.

Kuna kitu umekipita, na mimi kimenikaa. Mama alikupokea kwa utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, wapagazi wakipita Uzaramo na pembe mabegani kuelekea pwani. Alipokuita mpagazi mbele ya majirani alikufungulia mlango ambao wakwe wengi hufungiwa. Kwa kabila wewe ni mtani wake. Kwa ndoa wewe ni mkwe, na mkwe mdomo wake mfupi. Unaishi na sheria mbili katika nyumba moja, na sishangai ulihitaji mtu wa kumwambia ukiwa kwenye foleni Ubungo.

T. yeye si mkwe. Ni Mnyamwezi tu, na kimila angeweza kwenda Kisarawe akamcheka Mama mchana kweupe. Umewahi kuona watani kwenye msiba? Anakuja mtu anamwiga marehemu mwendo na kukohoa kwake, wafiwa machozi bado mashavuni wanacheka. Mtu wa nje angeona ni ukatili. Kinachouponya utani ule ni kwamba unafanywa mbele ya watu wenyewe, na anayechekwa leo ana zamu yake kesho. Mama anaweza kukurudishia. Kitabu hakirudishiwi, hasa na mtu ambaye hawezi kukisoma. Pengine hapo ndipo kifua kinapokubana, kuliko kwenye kicheko chenyewe. Pima mwenyewe.

Tuje kwenye miwani, na hapa ruhusu nikubishie kidogo, wewe na rafiki yako pamoja. Katika riwaya, bibi ni mtu asiyejua kusoma anayejifanya anajua. Mama yako si huyo. Mama anasoma. Kiswahili chetu chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya hizi ninazokuandikia, na ukinipa msahafu mimi na Mama, nitakayehitaji miwani ya machinga ni mimi. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wengi wa rika lake waliketi jioni na slate mapajani, na wengine hawakuketi kwa sababu walikuwa na mtoto mgongoni na chungu jikoni. Sisemi siri yake si siri. Aliomba iishie kwako na haikuishia. Nasema tu kwamba labda wewe nawe umeanza kuiona kama aibu kubwa kuliko ilivyo, na T. alipoipokea kwenye foleni aliipokea hivyo.

Kumhusu T., hukuandika neno wizi, lakini nalisikia chini ya sentensi zako. Huenda ni kweli alichukua kisichokuwa chake. Shaaban Robert alipotaka kusema ya watawala katika Kusadikika, mwaka 1951, aliipeleka nchi nzima angani; rafiki yako hakumhamisha jogoo hata kituo kimoja. Angeweza kufunika zaidi. Ila kuna sentensi yako moja uliyoiandika kama mtu anayevuka barabara mbio: alikuletea mswada. Hukuusoma, ukasema uko vizuri. Jiweke kwake. Amekaa na maneno yako, ameogopa, amekuletea wewe kwanza, na umemwambia aendelee. Neno lako halikumpa haki ya siri ya mtu, lakini kwake lilionekana kama ruhusa. Sijui kama atakuwa na jibu lingine ukimuuliza. Unalo wewe la kumpa?

Sasa, njia. Naziona kadhaa, na hakuna hata moja iliyonyooka.

Unaweza kutafuta kitabu kingine. Zunguka kwenye duka la vitabu pale Samora, pita Maktaba Kuu Barabara ya Bibi Titi Mohamed, uliza kipya cha kuchekesha. Utapumua mwezi mmoja. Lakini nakala za T. zinatembea Posta mpaka Mwenge na mgongo wake mwenyewe. Wifi yako ni mwalimu wa Kiswahili. Unadhani atakaa mwaka mzima bila kukutana nacho? Akikiona chumba cha walimu, na jina Mpagazi kwenye shukrani, na akakumbuka wewe ndiye uliyekiruka, atajua kwamba ulijua. Kwa upande mwingine, mwezi mmoja si kidogo. Mengi husemwa ndani ya mwezi.

Unaweza kwenda kwa T. kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Nakala 300 si mzigo wa kontena. Zimebaki ngapi? Mimi singeenda na shutuma, ningeenda na chai niliyoimwaga: kwamba nilicheka, kisha nikakumbuka, na kwamba mswada sikuusoma. Kwenye uchapaji wa pili mengi hubadilika bila kuua kicheko. Bili ya maji inaweza kusomwa na mjumbe wa nyumba kumi, mwanaume mwenye majivuno, na ofisi ya maji ikapata vigelegele vyake vilevile. Shukrani zinaweza kukaa na jina lako la shuleni. Hatari ni kwamba utakuwa unamwomba mwandishi akate ukurasa ambao kila msomaji anamsifia, naye bado ana deni. Anaweza kukubali kwa mdomo na kununa kwa miaka. Anaweza pia kukuambia kwamba bibi yule ana kitu cha bibi yake wa Tabora, na wewe ndiye uliyemwona Mama peke yake. Usicheke, waandishi huchanganya watu kama mchuzi, na mara nyingine sisi tunaojiona kwenye chungu tumeweka chumvi tu.

Njia ninayohisi umeizunguka barua nzima ni kwenda Kisarawe. Sikutumi. Naiweka mezani kwa sababu ni Mama pekee ambaye hajaulizwa chochote. Ukienda, sidhani utaanza na kitabu. Utaanza na foleni ya Ubungo, kwamba ulimwambia mtu. Hilo linaweza kukugharimu. Umekuwa macho yake ya fomu na risiti kwa miaka mitatu, na anaweza kuyafumba. Usiende ukitegemea atacheka ili akupunguzie mzigo. Hiyo si kazi yake. Lakini ukiona kwanza umpelekee jogoo, kaa naye uwani umsomee sura ile moja kwa sauti, ujue anaipokeaje. Uso wake utakuambia mengi ambayo mimi hapa siwezi.

Mumeo umemtaja akiuliza homa tu, kisha akapotea. Siri ya miwani si yako kumpa hata yeye. Ila kwamba kuna kitabu mjini chenye kuku wa mama yake, hilo angependa kulisikia kwako kabla hajalisikia kwa mtu kwenye kibanda cha chipsi.

Na kikundi. Mtu akisema “someni hiki” ameweka jina lake juu ya jalada pamoja na la mwandishi, ndiyo maana zamu yako inakuelemea hivi. Hakuna sheria kwamba lazima umalize zamu. Waweza kuwaambia wenzako: mwandishi ni rafiki yangu na nimetajwa ndani, siwezi kuwa hakimu, mwenzangu achukue mwezi huu. Ni kweli tupu na haimtoi mtu siri. Watakudodosa, najua wanawake tisa na birika la chai. Na T. akisikia hukukitaja kabisa, ataumia hata kama sababu ni nzuri, labda awe ameshaisikia kwako.

Kuugua Jumamosi hiyo sikushauri. Watakuja kukuona wote wanane, na chai watataka.

Niandikie ulikofikia. Jina la kitabu nitumie pembeni, sitalichapa. Kisa cha jogoo nimeshamsimulia dereva wa bajaji asubuhi hii tukiwa kwenye taa za Morocco, hata sikujua mdomo ulianzaje, na alicheka mpaka taa ya kijani ikatupita.

La miwani sikumwambia.